Kipimo cha mate cha paundi 89: nilichokitafuta hakimo

Babu mzaa mama alimalizia uzee wake Pangani, akienda msikitini kwa kushika bega la mjukuu. Mama naye alipofika miaka 60 akaanza kujigonga kwenye miimo ya milango. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na ilikuwa imeshakula pembeni kote. Mimi nina miaka 47, naishi Leicester. Nilipoona tangazo la kipimo cha vinasaba cha kujipimia nyumbani, na ndani yake "kupoteza uwezo wa kuona uzeeni", nikalipa bila kumuuliza mtu.

Kutema mate ni kazi jamani. Nusu saa huli wala hunywi, halafu ujaze kichupa mpaka kwenye mstari, na povu halihesabiwi. Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Programu yao ya simu ni nyepesi na maelezo yanasomeka, hapo sina neno.

Shida ni walichopima. Sehemu mbili tu, moja kwenye jeni ya CFH na nyingine kwenye ARMS2, na zote ni za kuchakaa kwa makula, kile kidoa cha katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) tunachosomea na kutambulia sura za watu. CFH kazi yake ni kuizuia kinga ya mwili isiushambulie mwili wenyewe. Ukirithi ile iliyobadilika, breki inalegea na hatari inapanda. Hilo limejulikana tangu 2005, sibishani nalo. Mimi nikaambiwa hatari yangu haijaongezeka. Nikampigia mdogo wangu Tanga, nimefurahi kweli. Akaniuliza, "Kwani dada, huo ndio ugonjwa wa mama?"

Nikakosa la kusema. Wa mama ni glakoma, ndiyo hiyo presha ya macho, unaokula mshipa wa fahamu wa jicho na mara nyingi huanzia pembeni, kimya kimya. Sisi Waafrika unatupata zaidi kuliko Wazungu, tena mapema, na ukiwa na mzazi mwenye nao uko karibu nao zaidi. Mara nyingi ni jeni nyingi zinazochangia kidogo kidogo. Wachache tu hurithi hitilafu moja yenye nguvu, kama ya jeni ya MYOC. Kwenye ripoti yangu, glakoma haimo hata kwa jina. Na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, wameandika kuwa takwimu zao zinawahusu zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Hiyo ilitakiwa iwe juu ya boksi.

Nyota mbili, zote za programu ya simu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hapa Uingereza, ukifika miaka 40 na mzazi au ndugu yako wa damu ana glakoma, NHS, huduma ya afya ya serikali, inakulipia kupimwa macho. Bure! Nikaenda duka la miwani la mtaani. Nikapulizwa hewa jichoni, nikabonyeza kitufe kila nilipoona nukta ya mwanga, nikapigwa picha nyuma ya jicho. Presha ikasoma 26, wakati kawaida haizidi 21. Wakanipeleka hospitali, na sasa natia tone moja kila jicho kabla ya kulala.

Mdogo wangu naye kapima huko Tanga, presha yake ni 17. Kaka yetu tumemwambia mara tatu, anasema haoni sababu.