Uzoefu wangu na mizani ya kidijitali ya jikoni

Ninapika vileja, visheti na mkate wa kumimina kwa wateja wa mtaani kwetu hapa Unguja mjini, na usumbufu mkubwa wa kazi hii kwangu ni vipimo. Mapishi ya wazee wetu yanahesabu kwa vikombe na vibaba, ndugu zangu walioko Uingereza wananitumia yao kwa gramu, na yale yatokayo Marekani hutumia kikombe cha mililita 237 hivi, ilhali kikombe changu cha plastiki ni cha mililita 250. Ndiyo maana nilinunua mizani ndogo ya kidijitali katika duka moja la vyombo Darajani kwa shilingi 28,000. Inapima hadi kilo 5, kwa hatua ya gramu moja moja.

Kinachonifurahisha zaidi ni kitufe cha kurudisha sifuri. Naweka bakuli, nabonyeza, namimina unga, nabonyeza tena, natia sukari, bila ya kuchafua chombo kingine. Faida hiyo huonekana hasa kwenye unga wa ngano, kwa sababu unga hushindilika: kikombe changu kikijazwa kwa kijiko taratibu na kusawazishwa juu hubeba gramu 130 hivi, lakini kikichotwa moja kwa moja kutoka mfukoni hufika 155 au zaidi, na katika vikombe vinne tofauti hiyo inatosha kabisa kuvifanya visheti viwe vigumu. Sukari haina ugomvi huo; ni karibu gramu 210 kwa kikombe, uichote utakavyo. Unga wa mchele wa vileja ni mzito kuliko wa ngano, kwa hiyo anayebadilisha unga mmoja kwa mwingine kikombe kwa kikombe hapati uzito ule ule.

Kasoro yake kubwa ni kipimo cha mililita. Mizani hii inaweza kuonyesha mililita badala ya gramu, na kijitabu chake hakielezi kwamba hesabu hiyo ni ya maji tu, yaani gramu 1 huandikwa kuwa mililita 1. Mashine haijui kilichomo bakulini. Ukitia unga mpaka isomeke mililita 250 ukidhani umepata kikombe kimoja, umetia gramu 250, ambazo ni karibu vikombe viwili. Kwa maziwa tofauti ni ndogo na haidhuru, lakini kwa unga au nazi kavu iliyokunwa kipimo hicho hakifai hata kidogo, na kwa maoni yangu watengenezaji wangekiondoa au wangekiandikia onyo.

Badala yake nimepima kila kitu kikavu ninachotumia kwa kikombe changu mwenyewe, nikaandika uzito wake kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Kopo ninalolitumia kwa kibaba nimelipima vilevile, mchele peke yake na unga peke yake, kwani kibaba, robo ya pishi, ni kipimo cha ujazo na uzito wake hufuata kilichomo.

Kwa vitu vidogo, kijiko bado kinaishinda mizani hii. Kijiko cha chai cha hamira kavu ni gramu 3 hivi, na iliki iliyosagwa ni chini ya hapo. Ukiinyunyiza kidogo kidogo, namba mara nyingine haisogei kabisa. Feni nayo huichezesha, basi mimi huizima kwanza.

Mwenye kupika chakula cha nyumbani tu anaweza kuendelea na kikombe chake bila hasara, lakini anayeuza na kutaka vileja vya leo vifanane na vya jana nampendekezea ainunue. Ajue tu kwamba hujizima yenyewe ikiachwa kidogo, na ikiwashwa tena hesabu ya bakuli imepotea, hivyo uzito wa kila bakuli tupu nimeuandika kwa kalamu ya wino mzito chini ya kitako chake.