Betri ya Kibanda cha Sola: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Wengi wanaojenga kibanda mbali na nguzo za umeme hukimbilia paneli. Mimi huanza na betri, maana ndiyo huchakaa mapema na ndiyo hukuacha gizani. Paneli nzuri hufika miaka 25. Betri iliyochaguliwa vibaya huenda isimalize miwili.

Hesabu matumizi kwanza. Taa 5 za wati 6, saa 5 kila usiku: wati-saa 150. Kompyuta mpakato ya wati 50 kwa saa 4: 200. Friji ndogo ya sola, weka 500. Jumla 850 kwa siku. Zidisha mara mbili kwa ajili ya siku ya mawingu, unapata 1,700. Birika na hita ya umeme sahau, hivyo ni vya watu wa gridi. Maji yapashe kwa jua moja kwa moja.

Namba 1: lithiamu ya fosfeti ya chuma (LiFePO4). Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ni wati-saa 1,200, na hii hukuruhusu kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuumia. Mbili zinatosha hesabu yetu. Huchajiwa na kutumika mara elfu kadhaa, ni nyepesi, wala haishiki moto kirahisi kama lithiamu za aina nyingine. Bei yake inauma, sikatai. Kasoro kubwa ni baridi: ukiichaji chini ya nyuzi 0 za Selsiasi unaiharibu moja kwa moja. Hakikisha ina saketi ya ulinzi inayokata chaji yenyewe kwenye baridi hiyo.

Namba 2: betri kavu ya risasi (AGM). Ya ukubwa uleule, tumia nusu tu, yaani wati-saa 600, kwa hiyo utahitaji tatu, na utazibadilisha mapema zaidi. Unafuu wake ni wa dukani. Ila kwa kibanda cha kwenda mara chache kwa mwaka naielewa, mradi paneli ziendelee kuichaji ukiwa haupo. Risasi ikiachwa nusu chaji hujenga salfeti na kufa polepole.

Namba 3: betri ya risasi ya maji. Ni ya mtu anayeishi hapo hapo, atakayeongeza maji yaliyotoneshwa na kuiweka penye hewa, kwani ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Usiiweke chumba cha kulala.

Betri kuukuu zilizotolewa kwenye magari ya umeme waachie mafundi wenye vifaa vya kupima kila seli.

Betri ya kuwashia gari usiguse kabisa. Bamba zake ni nyembamba, zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiimaliza kila usiku, itakuaga ndani ya miezi.

Na yoyote utakayochukua, usichanganye mpya na kuukuu, na fyuzi iwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Fyuzi iliyofungwa upande wa pili wa ukuta hailindi waya uliopita katikati.