Kujitolea kwenye kituo cha msaada wa kisheria: kazi nzuri, ila kagua kituo kwanza

Wengi wanaotaka kujitolea kama wasaidizi wa kisheria hapa Tanzania Bara huanza kwa kujiuliza kama elimu yao inatosha. Ukisoma na kuandika vizuri, ukawa na subira ya kusikiliza, mengine utafundishwa. La kuhoji ni kituo chenyewe. Kituo kibovu kitakufanya karani wa kuandika barua zisizofika popote, huku nauli ukijilipia.

Anza na usajili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inataka taasisi inayotoa huduma hii iwe imesajiliwa, kwa hiyo omba kuona cheti. Sheria hiyohiyo inamtambua msaidizi wa kisheria na kumwekea mipaka: hamtozi mteja, wala hasimami mahakamani kumwakilisha mtu kama wakili. Kituo ambacho mteja anaambiwa atoe "ya karatasi" au "ya soda" kiache siku hiyohiyo, maana malalamiko yakifika kwa msajili, aliyempokea mteja ndiye atakayetajwa.

Halafu tazama chumba. Benchi la kusubiria liwe mbali na meza ya ushauri, kwa sababu mama aliyekuja kueleza kipigo hatafungua mdomo mbele ya jirani aliyekuja na mgogoro wa mpaka. Kabati la majalada liwe na kufuli. Kisha omba kuona daftari la wateja lilivyopangwa, majina yakiwa yamefunikwa. Safu zinazotakiwa zinajulikana: tarehe, aina ya tatizo, nyaraka alizokuja nazo, ushauri aliopewa, hatua inayofuata na siku ya kurudi. Macho yako yaende kwenye safu ya mwisho. Ikiwa tupu ukurasa hadi ukurasa, hapo wanapokea watu tu, hawafuatilii shauri la mtu.

Ubora wa huduma yenyewe unapimwa kwa jambo ambalo wageni wa kazi hii hulidharau: kuhesabu siku. Watu wachache sana hupoteza haki kwa kukosa hoja. Wanaipoteza kwa kuchelewa au kwa kugonga mlango usio wao.

Mfano ni mfanyakazi aliyeachishwa kazi. Lalamiko la kuachishwa isivyo halali linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, kwa Fomu Na. 1. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Mwajiri mjanja humwambia, "Njoo mwisho wa mwezi tuyamalize," naye anangoja. Akija kituoni siku ya 40, kabla ya chochote kingine inabidi aombe kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2 na aeleze sababu ya kila siku aliyochelewa. "Niliahidiwa" peke yake mara nyingi haitoshi. Kwa hiyo mshauri anayejua kazi huuliza tarehe ya barua ya kuachishwa kabla hajasikiliza kisa kizima.

Ardhi nayo ina mtego wake. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi tena hukumu. Likishindwa, mlalamikaji anachukua hati ya kuthibitisha hivyo na kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, anaweza kuendelea hata bila hati. Bado kuna vituo vinavyofundisha utaratibu wa zamani, na mteja anarudishwa dirishani. Kwenye talaka, hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa isizidi miezi sita siku shauri linapofunguliwa. Ikikaa kabatini mwaka mzima, anaanza upya.

Ukitaka kupima uelewa wa kituo kwa dakika moja, waulize wanafanya nini mtoto aliyebakwa akiletwa. Jibu sahihi ni fupi: dawati la jinsia la polisi, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), hospitali mara moja, asiogeshwe wala nguo zisifuliwe, na afisa ustawi wa jamii apewe taarifa. Wakikujibu kwamba huwa wanaziita familia mbili zikae chini, umeshapata jibu lako.

Mafunzo yapo, ubora wake haulingani. Mazuri yana mazoezi ya kuandika maelezo ya mteja kwa mpangilio wa tarehe, na siku za kukaa pembeni ya mzoefu kabla hujaachiwa meza. Mabaya ni semina ya kusomewa vifungu na chai ya saa nne. Muhimu kuliko semina ni kuwepo kwa mwanasheria anayepokea simu pale shauri linapokuzidi. Kituo kisicho na mtu huyo hakifai hata kama kina kompyuta mpya.

Upande wa fedha usidanganyike. Hakuna mshahara, panapo mradi kuna nauli na vocha, mradi ukiisha navyo vinaisha. Nenda siku mbili kwa wiki, zilezile kila wiki, ili wateja wakuzoee. Namba yako binafsi usiigawe, la sivyo kesi za kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya mtaani, zitakufuata usiku nyumbani, na mkopaji akishajua unapokaa atakuja na ukoo mzima. Tumia simu ya kituo.

Kujiunga si kugumu: barua ya maombi, utambulisho wa serikali ya mtaa, nakala za vyeti na kitambulisho cha taifa. Kazi hii inamfaa mwalimu mstaafu, mhitimu wa sheria anayesubiri ajira, au mama wa kikoba anayeaminika mtaani. Mwenye nia ya kugombea udiwani asipokelewe. Atawapa wateja ahadi, na wapinzani wake wakiwa na shida hawatakanyaga hapo.