WD Elements ya TB 2: diski ya nje ya kuhifadhi nakala za nyumbani

Kwa kompyuta yenye data ya GB 500 hadi TB 1, diski hii inatosha. Nakala inahitaji nafasi angalau mara mbili ya data yako, ili matoleo ya zamani ya faili yasifutwe mapema. Windows itaonyesha TB 1.81 tu. Hujapunjwa: kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.

Inatumia umeme wa USB, haihitaji adapta. Ichomeke kwenye tundu la USB 3, mara nyingi la buluu. Kwenye USB 2 kasi haizidi takribani MB 40 kwa sekunde, na GB 500 zitachukua zaidi ya saa tatu.

Inakuja na NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ambao Mac huusoma bila kuuandikia, hivyo ifomati upya kabla ya kutumia Time Machine, programu ya Mac ya kuhifadhi nakala. Haina nywila ya ndani, tofauti na My Passport, diski nyingine ya WD. Mwenye Windows Pro awashe BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa nywila.

Udhaifu mkubwa ni tundu lake la USB. Katika diski ndogo za WD, mara nyingi limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, bila kiunganishi cha SATA, kile cha kawaida cha diski za kompyuta. Likivunjika, huwezi kuihamishia diski kwenye kasha jingine. Inabaki kazi ya fundi wa kuokoa data, na gharama yake huzidi bei ya diski mpya. Usiivute kwa waya wala kuisogeza ikizunguka. Ukimaliza kunakili, itoe kwa amri ya kompyuta, kisha ichomoe: kirusi kinachofunga faili hufunga na nakala iliyoachwa imechomekwa.