Kumripoti mheshimiwa mkongwe kupitia mtambo wa EACC: unafaa kiasi gani?

Mkaazi wa Lamu au Malindi mwenye tuhuma za ufisadi dhidi ya mwanasiasa wa siku nyingi anaweza kwenda ofisi ya kanda ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ya Kenya (EACC) iliyoko Malindi, kupiga simu 1551 bila malipo, au kuandika kwenye BKMS, mtambo wa kuripoti bila kujitambulisha ulio katika tovuti ya tume. Kwa mtu mzito kiasi hicho, BKMS ndiyo yenye maana. Wa Lamu havuki maji hadi Mokowe, upande wa bara, na wa Malindi haonekani akipanda ngazi za ofisi.

Unachagua aina ya kosa, unaandika taarifa, unaambatisha faili, kisha unafungua sanduku la ujumbe kwa jina la bandia na nywila. Hapo kwenye sanduku ndipo ripoti nyingi zinapoweza kufia. Mpelelezi hana namba yako, kwa hiyo akitaka kujua vocha ya malipo ilitoka idara gani, swali lake litalala humo hadi ufungue. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 kinaitaka tume, ikikataa kuchunguza, imweleze mlalamishi sababu kwa maandishi. Asiye na sanduku ataandikiwa wapi?

Mtambo unakuficha wewe. Karatasi zako hauzifichi. Faili la Word hubeba jina la mwenye kompyuta, na picha ya simu huweza kubeba mahali ilipopigwa. Andika upya ndani ya fomu yenyewe, na picha ipige skrini kwanza, utume hiyo nakala. Angalia pia muhuri wa kupokelewa na maandishi ya pembeni: barua ikiwa ilikwenda kwa watu watatu tu, nakala yako inakutaja. Saiba usiende kabisa, hasa Lamu, ambako anayekutolea fotokopi huenda ni binamu wa dereva wa mheshimiwa.

Ugumu mkubwa ni mzee mwenyewe. Jina lake halimo kwenye karatasi za malipo. Malipo ya kaunti huidhinishwa na maafisa wahasibu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Gavana au mbunge hatii sahihi kwenye vocha. Ripoti ya "amekula pesa za barabara" haina pa kushikwa. Iliyo na namba ya zabuni, tarehe ya malipo, jina la kampuni na orodha ya wakurugenzi wake kutoka kwa msajili wa kampuni inampa mpelelezi pa kuanzia. Huna? Omba kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016: ofisi ina siku 21 kujibu, nawe unalipia gharama ya nakala tu. Ila maombi hayo yana jina lako, basi aombe mwingine.

Kasoro ya huduma hii ni ulinzi. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtishia anayemwandama mtoa habari kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi mwaka 1, lakini hiyo ni baada ya kuandamwa. Na anayeripoti uongo kwa makusudi hana kinga.

Kesi ikichelewa, jueni pia kwamba EACC haishtaki. Inachunguza, kisha faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye huamua.

1551 ibaki ya hongo ya papo hapo, karani akiwa bado anasubiri mezani.