Spika ya kuamrisha kwa sauti chumbani mwa Baba: uzoefu wangu

Macho ya Baba yamefifia kwa sababu ya mtoto wa jicho, na kinachomtaabisha zaidi ni saa: akiamka usiku hajui kama alfajiri imekaribia. Ndiyo maana nilimnunulia Google Nest Mini nikaiweka chumbani kwake, Mji wa Kale, Mombasa. Sasa anauliza akiwa kitandani na anajibiwa. Kwa hilo peke yake nimeridhika na pesa yangu.

Kuiwasha si kazi. Unaichomeka, unafungua programu ya Google Home kwenye simu, unachagua Wi-Fi. Ukiagiza kutoka nje chukua ya Uingereza, plagi yake ya pini tatu ndiyo yetu. Fungua pia akaunti mpya ya nyumba badala ya kutumia yako, ili ukisafiri mwingine aweze kuirekebisha.

Kazi yenyewe ni mtandao. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, na mawimbi ya 5 GHz hayazipenyi vizuri. Niliigawa ruta iwe na majina mawili ya Wi-Fi, moja kwa kila aina ya mawimbi, spika nikaiunga kwenye ya 2.4 GHz inayopenya kuta vizuri zaidi, na tangu hapo imetulia. Haina betri, kwa hiyo stima ikipotea inazimika. Ikirudi hujiunga yenyewe, mradi ruta nayo imewaka.

Kwenye taa nendeni polepole. Balbu ya Wi-Fi, ile unayoiwasha na kuizima kwa kuiamrisha spika, inataka swichi ya ukutani ibaki imewashwa daima, na katika nyumba yenye watu wengi hilo haliwezekani: mgeni akizima ukutani, spika haiioni tena. Taa ya dari niliiacha kama ilivyokuwa, balbu nikaitia kwenye taa ya kando ya kitanda ambayo hakuna anayeigusa. Kwangu huo ndio uamuzi uliofanya mambo yaende bila kunipigia simu kila jioni.

Kiswahili hakimo kwenye mipangilio ya spika yetu. Baba alifanya kazi bandarini, Kiingereza anakijua. Mama nimemwekea amri fupi: akiiita na kusema “good night”, taa inazimika. Wageni wakija anasukuma swichi ndogo ya ubavuni, maikrofoni zinazimwa na vitaa vya rangi ya chungwa vinawaka.

Sauti yake inatosha kusikiliza Qurani chumbani. Kwa sebule ni ndogo, huko nitaweka Nest Audio, spika kubwa zaidi ya Google.