Dar hadi Iringa kwa gari la nyumbani: vumilia mpaka Mikumi, kisha fungua macho

Nianze na hukumu, maana najua kuna anayesoma hapa akiwa na mabegi tayari mlangoni. Dar es Salaam hadi Iringa ni kilomita kama 500. Kilomita 200 na ushei za mwanzo ni za kuvumilia. Hela yangu ya mafuta niliiona inarudi kuanzia pale barabara inapoingia hifadhi ya Mikumi mpaka Ilula. Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia nitaeleza imekwenda wapi.

Tulikuwa sita ndani ya Noah ya zamani: mimi kwenye usukani, baba watoto pembeni (alilala mpaka Morogoro, tumwache), Mama yangu katikati na wajukuu zake watatu. Mama ni Mhehe. Amepita njia hii kwa basi miaka zaidi ya arobaini, na bado anasema hajawahi kuiona. Basi linasimama linapotaka lenyewe, dakika kumi, chips na kuchimba dawa, twende. Safari hii ya Juni, shule zimefungwa, niliifanya ili asimame anapotaka yeye.

Tulitoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri. Ukichelewa kutoka, kati ya Kibaha na Chalinze utaisoma namba kwelikweli, tena namba za nyuma ya malori ya Zambia na Kongo, moja baada ya nyingine. Kipande hiki sina la kukisifia. Matuta, vibao vya 50, matuta tena. Nilipigwa tochi nikiwa 63 kwenye 50. Kosa langu, elfu thelathini yangu, tukaendelea. Chalinze wanaokwenda Tanga na Moshi wanakata kulia, sisi tukanyoosha. Ukikaribia Morogoro milima ya Uluguru inasimama kushoto kwako na ukungu wake kichwani, na hapo ndipo mtoto wa katikati alipoacha kuuliza "tumefika?" kwa mara ya kwanza. Tukanywa chai, tukajaza mafuta.

Mikumi mnaijua. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964 na barabara kuu inaikata kwa kilomita kama 50, kwa hiyo unatazama wanyama ukiwa njiani kwako, bila kulipa kiingilio cha getini. Kabla hujaingia kuna bango la faini: kila mnyama na bei yake kwa dola ukimgonga. Wanangu walilifanya hesabu ya darasani. Mkubwa, yuko darasa la tano, aliniambia nikigonga twiga tutauza Noah na bado tutadaiwa. Nikaenda taratibu. Huruhusiwi kushuka wala kuwatupia wanyama chakula, ingawa mbele yetu gari moja lilikuwa linamwaga ndizi dirishani na nyani wakilikimbilia lami kama wapiga debe. Hao nyani ndio baadaye wanagongwa. Tulipita jua likiwa limeshakuwa kali, tukaambulia swala wengi, pundamilia na twiga wawili kwa mbali. Mdogo alisikitika kukosa tembo.

Hapo ndipo nilipofanya la maana kuliko yote, wakati wa kurudi: tulilala Mikumi mjini, tukaingia hifadhini jua linachomoza. Tembo saba walivuka lami mbele yetu, mmoja mdogo katikati ya miguu ya mama yake, na magari yote pande mbili yakazima. Hakuna aliyepiga honi. Hata dereva wa basi alizima. Kama una watoto, pita Mikumi asubuhi au jioni. Mchana wanyama wako vivulini na wewe utaona majani tu. Nyumba ya wageni tuliyolala siitaji, ila maji yaliletwa kwa ndoo saa nne usiku baada ya mimi kwenda kugonga mlango mara mbili. Ulizeni maji kabla ya kulipa.

Ukitoka Mikumi mjini barabara inaingia milimani, inapinda, halafu inakushusha kwenye bonde la mibuyu. Hapa ndipo nataka niwacheleweshe kidogo. Mwezi wa sita mibuyu imepukutisha majani. Inabaki vigogo vya kijivu, vinono, matawi yamekakamaa juu kama mizizi, mlima mzima kulia na mlima mzima kushoto, na mto Ruaha Mkuu unapita chini. Sijui nieleze vipi: siyo mbuyu mmoja wa njia panda ule wa kijijini, ni umati. Mama akasema, "Simama, mwanangu." Nikatafuta mahali pana pembeni, nikasimama. Alitembea polepole mpaka kwenye mti ulio karibu, akaweka kiganja kwenye gome, akakizungusha kama mtu anayepima joto la mtoto. Kisha akarudi garini, akafunga mkanda. "Ni laini," akasema. "Miaka yote nilidhani una magamba." Watoto nao wakataka kushika, kwa hiyo tukakaa nusu saa. Mabuyu yaliyoanguka chini waliyapasua kwa jiwe, wakala ubuyu mpaka midomo ikawa myeupe. Basi lisingekupa hilo hata ungelipa tiketi mbili.

Ruaha Mbuyuni, mbele kidogo, ni mji wa vitunguu. Viroba vya wavu vimepangwa barabarani, vyekundu, na wauzaji wanakimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Mimi niliuliza bei kwa Kiswahili changu cha Dar, nikatajiwa ya Dar. Mama akatoa kichwa dirishani: "Kamwene!" Yule dada alicheka, akajibu, wakaongea Kihehe dakika mbili, bei ikashuka bila mimi kufungua mdomo. Ushauri: vitunguu nunueni wakati wa kurudi.

Halafu Kitonga. Mlima huu ndio uliochukua nyota yangu. Kwa uzuri hauna mpinzani katika njia nzima: kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine, na nyani wamekaa kwenye kingo wakikukagua kama maofisa wa mizani. Lakini ni barabara yenye malori yanayopanda mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma yake mabasi na wenye magari madogo wasio na subira wanaoovateki kwenye kona wasiyoiona mwisho wake. Sikuona mahali pa maana pa kuegesha ukatazame bonde, na kusimama kwenye kona ni kujitakia kifo. Njia nzuri namna hii ilistahili hata kituo kimoja cha kutazamia. Kupanda tulizima kiyoyozi, tukafungua madirisha, nikawa na jicho moja kwenye geji ya joto. Tulipanda salama. Utingo wa lori moja alikuwa anatembea kando ya tairi na gogo mkononi, tayari kuliweka likirudi nyuma. Watoto walimpungia, akapunga na gogo lake.

Kushuka ndiko kuliniaibisha. Nina gari la otomatiki, nikaacha gia kwenye D kama niko Mbezi na kushika breki mlima mzima. Karibu na chini nikasikia harufu ya kuungua, pedali imelainika. Nikafika bondeni, nikasimama mbali na barabara, moshi mwembamba unatoka tairi la mbele. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa anapumzika pale hata hakusogea kuangalia. "Dada, gia ya kupandia ndiyo ya kushukia," akaniambia. "Weka gia ndogo, mbili au L. Breki uziguse tu." Akatukataza kumwaga maji kwenye tairi. Tulikaa dakika arobaini chini ya mti, Mama akisali kimyakimya, mpaka zikapoa. Iweke akilini kabla hujafika, usisubiri kuambiwa na dereva wa lori mbele ya mama yako mzazi.

Juu ya Kitonga hewa inabadilika ghafla, mnatafuta masweta. Ilula ni nyanya, ndoo kwa ndoo. Eneo la Lugalo kuna mnara wa Wajerumani waliouawa na mashujaa wa Mkwawa, chifu wa Wahehe, tarehe 17 Agosti 1891, kamanda wao Zelewski akiwemo. Mama aliutazama akicheka: "Kumbukumbu yenyewe ni yao, lakini sisi ndio tulioshinda."

Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Juni utakukumbusha. Bebeni blanketi lenu. Kesho yake tulikwenda Isimila, kama kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya: nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na zana za mawe za watu wa kale. Nilidhani watoto watachoka. Walikimbia kati ya zile nguzo saa mbili nzima, mimi ndiye niliyeomba tuondoke.

Mafuta kwenda tu yalikula kama laki moja na nusu. Njiani tulitumia saa kumi na moja tukihesabu vituo vyote. Mwenye haraka atatumia nane au tisa, na huyo namshauri apande basi, alale. Mwenye dereva mmoja asijaribu kwenda na kurudi wikiendi moja. Mwenye gari la breki za mashaka azione kwanza kwa fundi, Dar, si Ruaha Mbuyuni.

Na kile kiroba cha vitunguu kifungeni juu ya keria. Mimi nilikiweka nyuma ya siti, na hii ni wiki ya tatu, Noah bado inanukia kachumbari.